Rimoti Iko kwa Nani Leo? Maswali Yenu Kuhusu Cha Kuangalia

Baridi ya Julai imeingia na inaonekana nusu ya Nairobi iko chini ya blanketi na simu mkononi, juu barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu moja, tuangalie nini na tulipie wapi. Zenye zimefanana nimechukua moja isimame kwa niaba ya zingine. Majina mmeficha wenyewe na hiyo ni sawa kabisa.

*Habari yako dada. Niko na watoto wawili, mmoja miaka sita mwingine kumi, tunaishi Umoja. Kwa nyumba tunalipia programu tatu za muvi na bado kila jioni ni vita ya rimoti, baba yao anataka mpira, watoto wanataka katuni, mimi nikimaliza kupika nataka drama yangu ya Kenya nitulie. Mwisho wa mwezi nikiangalia pesa yenye imetoka kwa M-Pesa roho inaniuma. Nifunge gani, nibaki na gani? – Mama Wawili, Umoja*

Mama Wawili, pole sana na hiyo vita. Mimi ningekuwa wewe ningelipia moja tu kwa mwezi, hizo zingine nafunga, alafu mwezi unaofuata nabadilisha. Nyingi hazikufungi na mkataba wa mwaka, unalipa mwezi kwa mwezi, na kwa Netflix kwa mfano ukifunga leo unaendelea kuangalia mpaka siku zenye umelipia ziishe. Kwa hivyo ukimaliza drama yenye ulikuwa unafuata unatoka, unaenda penye kuna ingine, ukichoka unarudi. Lakini kabla hujalipa popote tafuta kwanza kama hicho kipindi bado kiko hapo, juu vipindi vinahama sana, haki zikiisha kinatolewa na hakuna mtu anakuambia, unajipata umelipia mwezi mzima na kitu ulitaka hakiko.

Mpira ndio unakula pesa kuliko kitu ingine yoyote kwa sababu haki za ligi za Ulaya ni ghali. Kama mzee ni mtu wa mechi kubwa tu za wikendi, mwambie aende kibanda cha mpira na marafiki zake, atalipa kidogo na atapiga kelele hadi aridhike.

Sasa watoto. Hapo ndio nataka tuongee pole pole, juu hapo ndio wazazi wengi wanalipa pesa na kitu kizuri kiko bure. Kuna shirika linaitwa Ubongo, lilianzishwa Dar es Salaam mwaka wa 2013, na limetengeneza katuni mbili zenye ningetaka kila mtoto wa Afrika Mashariki azijue. Akili and Me ni ya wadogo, huyo wako wa miaka sita itamfaa bado, iko na msichana anaitwa Akili anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro na akilala anaingia nchi ya ndoto ambapo anajifunza herufi na namba na marafiki zake wanyama. Ubongo Kids ni ya wakubwa kidogo, hesabu na sayansi zimewekwa ndani ya nyimbo na visa, na zote mbili ziko YouTube kwa Kiswahili safi, chenye hata sisi wa Nairobi tunahitaji kusikia mara kwa mara. Mtoto anaimba mpaka jikoni na kumbe ni hesabu anafanya.

Huyo wa kumi mtafutie Super Sema, ilitoka YouTube 2021, imetengenezwa na studio ya Kukua ya hapa Nairobi na Lupita Nyong'o ni mmoja wa walioisimamia na pia sauti yake imo ndani. Iko kwa Kiingereza lakini msichana shujaa ni Mwafrika, anapigana na adui kwa kutumia sayansi na ubunifu, na mimi naona hiyo ni kubwa kwa mtoto wa kike wa Umoja mwenye amezoea mashujaa wote wanatoka ng'ambo. Na mkiipata Tinga Tinga Tales msiiache, zile za mwaka wa 2010 zenye zinaeleza mbona tembo ana mkonga na mbona kila mnyama yuko venye yuko. Hizo picha za rangi zilichorwa na kuhuishwa hapa hapa Nairobi kwa mtindo wa Tingatinga wa Tanzania, na watu wengi wa hii city hawajui hivyo.

Yako wewe sasa. Kama hujaona Single Kiasi anza nayo, ni ya 2022, wanawake watatu wa Nairobi na ndoa na mapenzi na kazi, imetolewa kwa hadithi ya Afrika Kusini lakini wameifanya ikawa yetu. Alafu Igiza, ya mwaka huo huo, Serah Ndanu anaigiza mapacha wawili, mmoja akiingia ndani ya maisha ya mwenzake, na ukiangalia venye anabadilisha macho tu kutoka kwa huyu dada hadi kwa yule unasahau ni mtu mmoja. Zote zilitengenezewa programu ya muvi ya Showmax. Na watoto wakilala weka pini kwa profaili yako, yao iwe ya watoto peke yake, juu hizi drama si za mtoto wa miaka kumi hata akisema anafunga macho.

*Sasa dada. Boyfriend yangu anakaa Rongai mimi nakaa South B, anataka pasiwadi ya Netflix yangu. Nimpe? – Mrembo wa South B*

Tangu 2023 Netflix inahesabu akaunti moja ni ya nyumba moja, mtu mwenye anaishi kwingine anaambiwa afungue yake. Kwa hivyo hata ukimpa mtasumbuana na namba za kuthibitisha kila wakati. Mwambie afungue yake, ama aje South B muangalie pamoja.

*Niaje. Mimi ni wa drama za Korea na siriz za Marekani, kila kitu nimeona. Juzi beshte yangu akaniambia nimejidharau juu sijui hata kipindi kimoja cha kwetu. Lakini kusema ukweli kila nikijaribu ya Kenya napata watu wanapiga kelele na kicheko kimewekwa mahali hakuna kitu ya kuchekesha. Nipe moja tu yenye itanishika. – Kijana wa Roysambu*

Kijana, nimefurahi umeuliza na sitakupa moja. Hiyo ya kelele naijua, ni vichekesho vya jioni vya tivi, viko na watu wake na viko na kazi yake, lakini ukihukumu kazi yote ya Kenya kwa hizo umekosa nyumba nzima kwa kuangalia mlango. Kuna watu wa Nairobi wanamjua Nairobi wa Money Heist, yule mhusika wa siriz ya Uhispania aliigizwa na Alba Flores, kuliko wanavyojua Nairobi yenyewe kwa skrini, na hiyo inaniuma kweli.

Anza na Nairobi Half Life, ya 2012, ya David Tosh Gitonga. Mwas ni kijana wa ushago mwenye anauza muvi na anaota kuwa mwigizaji, anapanda gari kuja Nairobi, na hata kabla hajajua penye anaenda city imemnyang'anya kila kitu. Kuanzia hapo mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani na usiku yuko na genge. Joseph Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora kwa tamasha la filamu la Durban kwa hiyo kazi, na hiyo ndiyo muvi ya kwanza Kenya iliwahi kupeleka kushindania Oscar. Nimeiona na watu wa umri tofauti na kila mtu anaongea baadaye, hakuna mtu anatoka hapo akanyamaza, wengine wanakasirika, wengine wanakumbuka siku yao ya kwanza kushuka pale River Road na begi.

Ukimaliza hiyo chukua Supa Modo, ya Likarion Wainaina, 2018. Jo ni msichana mdogo mgonjwa, ugonjwa hauponi, na anapenda muvi za mashujaa, sasa kijiji kizima kinaamua kumtengenezea muvi yake. Stycie Waweru mwenye anaigiza Jo anabeba kila kitu kwa uso wake mdogo. Wewe mtu wa drama za Korea najua unapenda kulia, hii itakuliza kwa Kiswahili na kwa mama mwenye anafanana na wako, na hiyo ni tofauti kabisa.

Unapenda mambo ya kuwaza? Kati Kati, ya Mbithi Masya, 2016. Mwanamke anaamka porini hajui ametoka wapi, anapata lodge, anapata watu, na watu wanamwambia ameshakufa. Ni fupi na imetulia, na hakuna mtu anapiga kelele hata mara moja.

Kwa siriz, kuna Crime and Justice ya 2021, Sarah Hassan na Alfred Munyua ni polisi wapelelezi wa Nairobi, kila episodi na kesi yake, na kesi zenyewe utaona umewahi kusikia kitu kama hicho kwa habari. Napenda hiyo juu haiogopi kuonyesha venye kesi inaweza kukwama kwa sababu ya mtu mwenye jina. Alafu Country Queen, ilitoka Netflix Julai 2022, episodi sita tu. Akisa, yaani Melissa Kiplagat, ni mwanamke wa kupanga sherehe Nairobi, anarudi kijijini alikotoka miaka mingi iliyopita na kupata kampuni ya migodi inataka ardhi ya watu. Nini Wacera kama mwenye kampuni anatisha kwa upole wake, ukimwona anatabasamu unajua kuna mtu anaenda kupoteza shamba. Maoni yangu ya kweli ni kwamba episodi sita zilikuwa chache, kuna mambo ya kijiji yamepitwa haraka, na wahusika wanapoongea Kiingereza kwa muda mrefu kuna ugumu unaingia wenye unapotea mara tu wanarudi kwa Kiswahili. Lakini shamba, mama, mzee mwenye amekataa kuuza, mtoto mwenye aliondoka na hasira, hayo ni mambo yako kwa kila familia ya Kenya na sijaona yakiguswa hivyo kwa skrini kubwa mara nyingi.

Na kama unataka kitu ya kweli isiyo ya kuigiza, Softie ya Sam Soko, 2020, inamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi kutoka kwa maandamano hadi kwa kura ya ubunge ya Starehe, na mke wake Njeri na watoto wakiwa katikati ya hiyo yote. Ilipata tuzo ya uhariri kwa tamasha la filamu la Sundance. Wengi walienda kuona siasa wakapata ni hadithi ya ndoa, mtu anauliza nchi na nyumba yangu nitangulize gani, na mke ana jibu lake.

Ombi moja tu Kijana. Ukipata hizi, ziangalie mahali wenyewe wameziweka, hata kama ni kulipa, usichukue ya flash ya kuibiwa. Mwenye ana pesa ya kutengeneza sizoni ingine anaangalia ni watu wangapi waliona ya kwanza, na ya flash haihesabiwi popote. Tukilia kwamba Kenya hatuna vipindi vizuri na vile viko tunaviangalia kwa wizi, sijui tunatarajia nani ndiye alipe waigizaji na wapiga picha.

*Dadangu vipi. Mimi ni mtu wa boda, steji yangu iko Kasarani. Kati ya mteja na mteja naangalia kitu kwa simu. Tivi sina. Nimelelewa na muvi za kusimuliwa na DJ Afro kwa kibanda, mtu akinisimulia naelewa zaidi kuliko kusoma maandishi ya chini. Kulikuwa na Netflix ya bure kwa simu, ilienda wapi? Na data inaniisha haraka sana, nifanye nini? – Mtu wa Boda, Kasarani*

Ndugu yangu, hiyo ya bure ilikuwa ya simu za Android hapa Kenya, waliianzisha Septemba 2021 na wakaifunga 2023. Haiko tena. Yenye iko bei ya chini kabisa ni ile ya simu, unaangalia kwa simu ama tableti moja, picha si kali sana na haiendi kwa tivi, lakini wewe tivi huna kwa hivyo hiyo hata si shida yako.

Data sasa sikiza vizuri, juu watu wengi wanaibiwa na settingi tu. Netflix wenyewe wanasema ukiweka picha ya chini inakula mpaka kama GB 0.3 kwa saa, ya katikati GB 0.7, na ile kali ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa moja. Angalia hiyo tofauti, ni karibu mara kumi, na kwa skrini ya simu chini ya jua la Kasarani hutaona chochote cha maana umeongeza. Kwa hivyo ingia settingi za programu, pale pa matumizi ya data ya simu, weka ya kuokoa data. YouTube pia gusa ile gia uteremshe picha hadi 240 ama 360. Na ukipata wifi mahali, kwa beshte ama kwa hoteli unakula lanchi, daunlodi episodi zako hapo za siku nzima alafu ukiwa steji unaangalia bila data. Chunga tu, zingine ukishabonyeza kuanza kuangalia zinajifuta baada ya saa 48, kwa hivyo usianze kumi kwa wakati mmoja.

Kwa mtu wa kusimuliwa kama wewe nina mtu wako na ni bure. Abel Mutua, yule alikuwa Freddie wa kipindi cha Tahidi High, watu wanamwita Mkurugenzi. Kwa chaneli yake ya YouTube anakaa tu anakupigia stori, visa vya watu wa kweli, wengine walikuwa wezi wengine walidanganywa wengine waliponea, kwa Kiswahili cha mtaa chenye kinaenda na mikono na sauti zote. Na kitu kizuri kwako ni hii, si lazima uangalie, unaweza kuweka simu kando skrini ikiwa bado inawaka usikize ukingoja mteja na picha ukaiteremsha hadi ya mwisho, data haitaisha haraka. Mimi naamini huyo amechukua ile kazi ya msimulizi wa kibanda akaipeleka mbele, juu sasa hahitaji muvi ya mtu mwingine nyuma yake. Ukiendesha lakini toa spika kwa masikio. Hiyo nakuomba kama dadako.

*Shikamoo dada. Shosh amekuja kutoka Murang'a kukaa na sisi Kawangware mpaka baridi iishe, kwao ni mbaya zaidi. Kiingereza haelewi, muvi za risasi anasema zinampea presha, na mchana tukiwa kazini anabaki peke yake na tivi. Tumwekee nini? – Mjukuu, Kawangware*

Marahaba mjukuu, na msalimie shosh sana.

Mtu wa shamba mpe shamba. Shamba Shape Up ilianza 2012 kwa Citizen TV na bado watu wanaitafuta, timu inaenda kwa mkulima wa kawaida, ng'ombe haitoi maziwa ama mahindi yanageuka njano, wanakaa hapo na wataalamu wanarekebisha na yeye mwenyewe akiwa anashika jembe. Iko ya Kiingereza na iko ya Kiswahili, hakikisha umechagua ya Kiswahili, YouTube zimejaa. Shosh wa Murang'a akiona mtu anakata migomba vibaya ataongea na hiyo tivi mchana kutwa, hatakuwa peke yake, na jioni mkirudi atakuwa na kitu ya kuwaambia badala ya nyinyi kumuuliza tu kama amekula.

Alafu kuna za zamani. KBC wameweka vingi kwa chaneli yao ya YouTube. Mtafutie Vitimbi, ile ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Mzee Ojwang', jina lake la kweli Benson Wanjau, alituacha Julai 2015, lakini shosh akisikia tu hiyo sauti atajua ni nani bila kuvaa miwani. Hizo zilitengenezwa wakati kijiji kizima kilikuwa na tivi moja na watu wanakuja na viti vyao, so usishangae akianza kukwambia ni kwa nani walikuwa wanaangalia na nani alikuwa anafukuzwa. Muulize, aongee. Papa Shirandula pia itamfaa, ni ya juzi kidogo, Charles Bukeko alikuwa askari wa kulinda mlango mwenye amemwambia mke wake wa nyumbani anafanya kazi ya ofisi, na kila epsodi ni kuficha huo uongo.

Kama mnalipia Netflix nyumbani na mnataka kitu ya kuona pamoja jioni, kuna Our Great National Parks ya 2022, ile Barack Obama anasimulia, iko na episodi nzima ya Tsavo. Hapo mmoja wenu akae karibu naye amtafsirie, haitaki maneno mengi, tembo ni tembo.

Kitu ya mwisho ni ya kiufundi. YouTube ikiachwa inajichezea video yenye imeitaka yenyewe, na mchana mkiwa kazini inaweza kutoka kwa ng'ombe wa Shamba Shape Up ikaingia kwa hizo risasi zenye zinampea presha. Zima ile ya kucheza yenyewe, alafu tengeneza orodha ya video kama kumi hivi za Kiswahili asubuhi kabla hujatoka, uiweke icheze kwa mpangilio wako. Umwonyeshe tu kitufe kimoja cha kusimamisha na kimoja cha sauti, ubandike karatasi ndogo ya rangi juu ya hivyo viwili, na asubuhi ya kwanza umwache ajaribu mwenyewe ukiwa bado uko hapo.